Cecil, Mhesabu Ndoto wa Lulindi

Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kumtumia mdogo wangu Cecil ujumbe wa simu. Niliandika neno moja, "Sifuri," kama nilivyoandika kila asubuhi ya kiangazi, kwa maana kipimamvua alichokisimika mwenyewe nyuma ya jiko langu hapa Makote hakikuwa na kitu ila umande. Ukungu ulikuwa mzito. Mwezi wa saba, huku juu uwandani, mikorosho yote huzama ndani ya ukungu mpaka jua lipande, na mtu akikujia humwoni. Unasikia tu nyayo zake kwenye majani makavu. Nilisikia nyayo za mume wangu, Joel. Alikuwa ametoka kupuliza salfa kwenye maua ya mikorosho, na nguo zake zilikuwa zimejaa unga wa njano. Nilishangaa amerudi mapema, tena hakuniita tangu mbali kama ilivyo kawaida yake.

"Mama Yuster," akasema, "njoo ukae."

"Nikae vipi na uji uko motoni?"

"Njoo ukae kwanza."

Nikakaa kwenye kigogo. Akaniambia kwamba baba yangu amepiga simu kutoka kwetu Lulindi. Wenzake Cecil wa chuo kikuu, kule Dar es Salaam, walimpeleka hospitali jana yake. Moyo wake uliokuwa mgonjwa tangu utotoni ulishindwa, na kabla ya mapambazuko Bwana alikuwa amemchukua. Maana yake, nilipoandika "Sifuri," hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Sikulia palepale. Nakumbuka niliinuka nikauepua uji, nikaufunika vizuri, kana kwamba kuna mgeni atakayeunywa. Halafu ndipo sauti ikanitoka.

Jirani yetu Rahima alifika wa kwanza. Alikuja bila viatu, khanga moja kichwani na nyingine kaishika mkononi, akanikumbatia tukaanguka wote kwenye mkeka. Wakafuata wengine, wanawake wa Makote, Waislamu na Wakristo, wakitokeza mmoja mmoja katika ule ukungu kama watu wa ndotoni. Lakini Husseni, mume wa Rahima, hakuja. Nyumba yao na yetu zimetengwa na mikorosho michache tu. Mtu akikohoa kwao, kwetu tunasikia.

Jua lilipopanda mama akapiga simu. Mama yetu Bibiana si mtu wa maneno mengi.

"Oliva mwanangu, Husseni yuko hapo?"

"Hayupo, mama."

"Amepata habari?"

"Amepata. Mkewe ninaye hapa."

Nilisikia kuku wa Lulindi ndani ya simu.

"Basi mwanangu atazikwa na nani?" akauliza.

Mgeni angeshangaa swali hilo, kwa sababu Lulindi haikosi watu wa kuchimba kaburi. Lakini Husseni ni mtani wetu. Ukoo wake wa huku juu na ukoo wetu wa Kimakua wa kule chini hutaniana tangu zama za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kuingia jikoni kwako akafunua chungu, kukuita mchawi, mwizi, mvivu, nawe huna haki ya kukasirika. Na kwa ruhusa hiyo ana deni: siku ya msiba wenu yeye ndiye anayeshika jembe, yeye ndiye anayemwiga marehemu alivyotembea na alivyosema, mpaka mama mfiwa acheke katikati ya machozi na apate pumzi. Msiba usio na mtani kwetu ni kama nyumba isiyo na mlango. Watu hukaa ndani wakakosa hewa.

Na Husseni alikuwa hamtanii Cecil tena. Kwa nini, itabidi nianze mbali.

Cecil alizaliwa Lulindi, kwenye nyumba iliyo karibu na kanisa, baba yetu Gasper akiwa tayari katekista. Jina lake ni la kimisheni, kama majina mengi ya kwetu. Alipokuwa mdogo daktari aliweka sikio kifuani pake akasema mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri, asikimbie, asibebe mizigo. Kwa hiyo hakucheza mpira. Hata jandoni alikwenda akiwa amebebwa mabegani na mjomba, akarudi vilevile, na wenzake walimwonea wivu badala ya kumwonea huruma.

Muda wake mwingi aliketi barazani akiutazama uwanda. Aliyewahi kukaa Lulindi asubuhi anajua jambo hilo. Uwanda wa Makonde umesimama mbele yako kama ukuta mrefu, na ukungu wa juu huushuka ukuta ule polepole, kama maziwa yanayochemka yakafurika sufuria. Halafu hufika mahali ukaishia hewani. Hakuna anayeona unakoishia.

"Dada," aliniuliza siku moja nikitwanga, "ukungu ukimaliza kuwa ukungu unakwenda wapi?"

"Unakwenda kuuliza kwa nini mtoto huyu hachambui mchele," nikamjibu.

Akachambua mchele, lakini macho yake hayakutoka kule ukutani. Mimi nilikomea kidato cha nne. Yeye aliendelea. Alisoma hesabu mpaka chuo kikuu, akarudi kufundisha sekondari huko Masasi, kwenye mji ule wa milima ya mawe, akafundisha miaka kadhaa. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwa na mbio za kumaliza somo. Mama alimsumbua aoe. Alisema hataki kumwachia binti wa watu ujane. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai.

Kisha ikatangazwa nafasi ya utafiti chuo kikuu. Walitaka mtu wa hesabu wa kusaidia kutabiri misimu ya mvua ya mikoa ya kusini. Cecil aliomba, akaitwa kwenye usaili. Alitusimulia baadaye kwamba mmoja wa maprofesa alimuuliza kwa nini mwalimu wa kidato cha pili anataka kujisumbua na mambo ya tabianchi. Akawajibu kwamba dada yake ameolewa mahali pasipo na mto wala kijito, maji ya kunywa hukingwa kwenye mabati, na mvua ikikosea hakuna pa kukimbilia. Wakamtazama. Akadhani amekosa kazi. Akaipata.

Siku aliyokuja kutueleza kazi hiyo ilikuwa siku ya furaha. Tulikaa hapa uani kwangu, tumetandika mikeka, msimu wa mabibo, yale matunda ya mikorosho, harufu yake imejaa kila mahali. Husseni alikuwepo. Alikuwa amekula sehemu yake na sehemu ya Joel.

Cecil alieleza kwamba kompyuta kubwa hupewa hali ya dunia ilivyo leo: bahari ina joto kiasi gani, upepo unatoka wapi, udongo una maji au hauna. Halafu huachiwa iendelee yenyewe mbele, mwezi baada ya mwezi, mpaka msimu wote upite ndani yake. Kisha hurudishwa mwanzo, hali ile ile, ila imeguswa kidogo mahali, bahari imepashwa kidogo au upepo umesogezwa kidogo, ikaachiwa tena. Na tena. Kila mara huzaa msimu wa namna yake.

"Ni kama kuota," alisema. "Mashine inaota mwaka mmoja mara nyingi. Ndoto nyingine ina mvua, nyingine ina ukame. Kazi yangu ni kuhesabu ndoto. Nikiona nyingi zina mvua, nasema mvua yaelekea ni nzuri."

Husseni akaweka bibo chini.

"Subiri, subiri. Mashine inalala?"

"Tuseme hivyo."

"Inaota?"

"Inaota."

"Na wewe Mmakua mwenye moyo wa kuku umekaa pembeni unahesabu, na mwisho wa mwezi unalipwa mshahara?"

"Ndiyo, mtani."

"Jamani! Mke wangu huyu huota kila siku, anapiga mateke mpaka kitanda kinahama. Mbona chuo kikuu hawajaleta mtu wa kuhesabu?"

"Wangehesabu," Rahima akadakia, "ndoto ya kwanza tu ungekuwa umeachika."

Cecil alicheka mpaka akashika kifua, nami nikamwambia Husseni aache, atawaulia watu ndugu yao. "Nikimuua nitamzika mwenyewe," akasema Husseni. "Ndiyo kazi yangu. Kaburi fupi tu, mtu mwenyewe mfupi."

Mwaka ule ule, kabla ya msimu wa kupanda, Cecil alihesabu ndoto zake kwa ajili ya kwetu. Alikuwa na shauku, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mashine kusema juu ya eneo dogo, Masasi na Newala, si kusini yote kwa jumla. Akamwandikia baba ujumbe ausome kanisani kwenye matangazo. Baba alinionyesha ujumbe huo baadaye, nami naujua kwa moyo: "Mvua zikianza, yaelekea hazitakatika, saba kati ya kumi. Lakini tatu kati ya kumi zitakatika. Kila nyumba ibakize mbegu."

Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Mimi nilikuwa nimeshuka Lulindi kuombea marehemu wetu. Kanisa lilijaa, moshi wa ubani ulikuwa bado umening'inia chini ya paa. Husseni naye alishuka pamoja nasi, akaketi kwenye ngazi za nje akisubiri ibada iishe tukale. Dirisha lilikuwa wazi. Baba alisimama na kanzu yake nyeupe mahali ambapo kwa miaka mingi alikuwa amesoma Neno la Mungu. Alitangaza ndoa, akatangaza usafi wa makaburi. Kisha akaishika simu mbali na macho, akasema:

"Mwanangu Cecil wa chuo kikuu anawaarifu kwamba mwaka huu mvua zikianza hazitakatika, Mungu akipenda. Pandeni."

Hakudanganya kwa ubaya. Mama alimuuliza nyumbani, maana mama alikuwa ameuona ujumbe. Baba akasema, "Bibiana, mahali pale hatusimami kusema labda. Nabii gani alisema saba kati ya kumi?" Kwake yeye, "Mungu akipenda" ilikuwa imebeba yote, zile saba na zile tatu. Lakini waliosikia, wakubwa kwa watoto, hawakusikia hivyo. Kwetu mtu akisema atakuja kesho Mungu akipenda, unamwekea chakula.

Mvua zikaanza. Zilianza vizuri ajabu. Nakumbuka asubuhi moja huku Makote ardhi nyekundu ilikuwa inatoa mvuke, kila mtu yuko shambani, nyimbo zinatoka huku na huku na waimbaji hawaonekani. Husseni alishusha mahindi mekundu yaliyokuwa yananing'inia juu ya moshi wa jiko lake. Yalikuwa mbegu ya marehemu mama yake, ambaye alikuja nayo alipoolewa, akaipanda na kuivuna na kuipanda tena maisha yake yote. Haikuwepo kwa mtu mwingine. Kila mwaka Husseni alibakiza mahindi machache juu ya moshi. Mwaka ule hakubakiza. "Mtani amesema," aliniambia akipita, mfuko begani. "Mahindi yakigoma nitamla yeye."

Mahindi yaliota. Kisha mvua ikakatika. Jua likawaka siku kwa siku na mbingu ikabaki bluu tupu, nzuri kama ya kwenye kalenda. Miche ikajikunja kama nyuzi, ikawa myeupe. Kule Lulindi watu walihamia mabondeni wakapanda tena. Huku juu hakuna bonde. Mvua iliporudi, Husseni alikwenda kuomba mbegu kwa watu wa kijiji jirani cha Chilangala, akapanda mahindi meupe kama ya kila mtu.

Wengine walilalamika, wakachoka, wakasamehe. Husseni hakulalamika. Alinyamaza.

Cecil alikuja kwenye Pentekoste. Alipanda mpaka Makote, akaenda moja kwa moja kwa Husseni, nami nikamfuata kwa sababu ya ule moyo wake. Husseni alikuwa anasuka kamba mlangoni. Alipomwona alisimama, akafuta kiti kwa mkono, akainamisha kichwa.

"Karibu, mheshimiwa."

Cecil akacheka kidogo, akidhani utani umeanza.

"Mtani, umeniandalia matusi gani?"

"Siwezi kumtukana msomi, mheshimiwa. Karibu ukae. Rahima, mletee mheshimiwa maji."

"Husseni. Nitukane kidogo tu. Niite mfupi."

"Wewe ni mtu mkubwa. Nani atakuita mfupi?"

Alimpa maji kwa mikono miwili. Sijapata kuona tusi baya kama heshima ile. Cecil akayanywa yote, akashukuru, tukarudi nyumbani, na njiani alisimama mara kwa mara akishika mikorosho. Haikuwa kwa sababu ya kilima, maana hakuna kilima.

"Mwambie alichosoma baba sicho ulichoandika," nikamwambia.

"Hapana, dada."

"Kwa nini?"

"Baba amesimama pale mbele miaka yote hiyo bila mtu kumwambia amekosea. Ataanzia wapi kuzoea? Mimi kukosea ndiyo kazi yangu. Tatu kati ya kumi, kila mwaka." Akatabasamu. "Ila nataka yule mtu anitukane tena. Hicho tu ndicho ninachokitaka huku uwandani. Hicho, na mvua."

Tangu hapo hakutuma tena matangazo ya kusomwa kanisani. Alikuja mwenyewe kabla ya kila msimu, akakusanya watu, akatia korosho kumi kwenye mfuko, saba nzima na tatu mbovu, akawapa watu waingize mkono bila kutazama. Mtu akitoa mbovu walicheka. "Si nilisema nyingi ni nzima?" alikuwa akiuliza. "Nimedanganya?" "Hujadanganya." "Basi mbona umetoa mbovu?" Na mtu huyo alikuwa akiitazama ile korosho mkononi muda mrefu. Wakaanza kubakiza mbegu. Husseni hakuja hata mara moja. Safari moja Cecil alimletea mahindi mekundu aliyoyatafuta kwa watu wa utafiti wa mbegu. Husseni aliyapokea, akasema, "Asante sana, mheshimiwa." Rahima aliniambia aliyatazama kwenye kiganja, akasema ni mekundu kweli, lakini si ya mama.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka asubuhi ile ya ukungu.

Mchana ule mwili ulikuwa njiani kuja kutoka Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nafunga vitu vyangu kushuka Lulindi, niliposikia pikipiki nje. Nikatoka, nikamwona baba anashuka nyuma ya kijana wa bodaboda, amevaa kanzu yake nyeupe, vumbi jekundu limempaka mpaka magotini. Kwa desturi mtani hapigiwi simu, hufuatwa. Lakini hakuna aliyetegemea afuatwe na baba wa marehemu mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke kwa Husseni."

Husseni alikuwa amekaa uani kwake, amevaa kofia yake ya kufumwa, kama mtu aliyejiandaa kwenda mahali akashindwa kuinuka. Aliinuka alipomwona baba.

"Shikamoo, Katekista. Pole sana na msiba."

"Marahaba. Husseni, nimekuja kukuambia mtani wako amefariki."

"Nimesikia, Katekista. Mungu amrehemu."

"Na nimekuja na jambo jingine." Baba hakukaa, ingawa Rahima alileta kiti. "Siku ile ulinisikia dirishani nikisema mvua hazitakatika. Cecil hakusema hivyo. Cecil alisema huenda zitakatika. Alisema kila nyumba ibakize mbegu. Mimi sikusoma. Niliona si maneno ya kanisani."

Husseni alimtazama baba, akanitazama mimi.

"Kweli, Mama Yuster?"

"Kweli."

"Alisema kubakiza mbegu?"

"Alisema," baba akajibu. "Mbegu ya mama yako ni mimi niliyeiua. Mwanangu alikufichia kwa ajili yangu."

Kuku walikuwa wanaparua. Husseni alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Nilidhani atalia, nikaona mabega yanatikisika, nikaona analia kweli. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ile ya zamani.

"Kwa hiyo alikuja hapa," akasema, "akanywa maji yangu, nikamwita mheshimiwa, akaona ni afadhali afe na uheshimiwa kuliko kuniambia baba yake hajui kusoma simu?"

Rahima akashika mdomo.

"Ndiyo," baba akasema.

"Ukoo gani huu! Wajinga watupu! Mmakua mfupi yule, moyo wa kuku, akili ya kuku!" Alikuwa anapiga kelele sasa, machozi yanamshuka. "Na wewe Katekista unasimama nini? Nani atachimba kaburi? Wale walegevu wa Lulindi? Watachimba shimo la panya! Rahima, jembe langu liko wapi?"

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jembe na sepeto, akavipakia mwenyewe kwenye pikipiki ya yule kijana, akapanda. Baba na mimi tukaachwa tumesimama uani tukitafuta pikipiki nyingine.

Tulipofika Lulindi kaburi lilikuwa limefika magotini, na Husseni alikuwa ndani yake akiwafokea vijana wanne.

Mwili ulifika siku iliyofuata. Tukamlaza sebuleni, tukamwimbia, na kesho yake asubuhi tukampeleka kanisani. Watu wa Makote na Chilangala walishuka kwenye lori. Waislamu walikaa nje chini ya madirisha, kama Husseni alivyokuwa akikaa, na madirisha yote yalifunguliwa. Wenzake wa chuo kikuu walikuwepo, kimya, suti zimekaa vibaya kwa joto. Mmoja wao, Isabela, alisema maneno machache kwamba wataendelea na hesabu alizoanza. Padre Nikolao aliongoza ibada. Wasifu wa marehemu aliusoma baba mwenyewe. Hakukubali mwingine ausome.

Alisoma kuzaliwa, ubatizo, shule, moyo. Alipofika kwenye kazi ya chuo kikuu sauti ikapungua.

"Akawatangazia watu wake habari za mvua..." akasema, akanyamaza.

"Soma yote!" sauti ikatoka mlangoni. Ilikuwa ya Husseni, udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi. "Soma yote leo, Katekista! Usiruke! Ukiruka tunakufa njaa!"

Kanisa zima likashtuka. Kisha mtu mmoja akacheka kule nyuma, akacheka mwingine, na nje madirishani wakaangua kicheko, na mama, aliyekuwa hajatoa sauti tangu mwili ufike, alifunika uso kwa khanga, akacheka na kulia kwa pamoja mpaka nikamshikilia. Padre Nikolao hakuzuia. Alijua utani ni nini.

Baba aliusoma ujumbe wote kama ulivyoandikwa, saba na tatu na mbegu. Akasema kwamba aliyekata maneno yale ni yeye, wala si Cecil. Kisha akaendelea na wasifu mpaka mwisho.

Tulipotoka kuelekea makaburini Husseni alilisimamisha jeneza njiani. Akatembea mbele yake kwa mwendo wa Cecil, polepole, mikono nyuma, shingo imegeukia uwandani, akisimama kila baada ya hatua chache kutazama mawingu ambayo hayakuwepo. "Dada," akaniuliza kwa sauti ya Cecil, "leo kipimamvua kinasemaje?" Watu wakacheka, akadai kuku ndipo aturuhusu kupita, akaahidiwa kuku, akatoka njiani.

Kaburi lilikuwa zuri, limenyooka, refu kuliko alivyohitaji. Padre alilibariki kwa maji na ubani. Wanaume wakamshusha kwa kamba, Husseni akiwa ameshika upande wa kichwa. Padre akasoma sala za maziko, tukamkabidhi Cecil kwa Mungu aliyemuumba, tukaomba nuru isiyozimika imwangazie. Mama alitupa udongo wa kwanza, akafuata baba, kisha mimi na Joel, kisha mjomba, kisha wenzake wa chuo kikuu. Husseni akachukua sepeto akaanza kufukia. Hakusema kitu tena mpaka udongo ukajaa.

Vijana walisimika msalaba wa mbao wenye jina lake. Wanawake wa kanisa, wale wa Umoja wa Mama, wakapanga maua na kuimba. Jua lilikuwa bado juu. Tuliporudi nyumbani tulinawa mikono kwenye beseni lililowekwa mlangoni, Rahima akimimina maji, tukaingia ndani kukaa na mama.